Kiuasumu kinaua nini hasa?

Juzi kwenye daladala ya Mbagala mama mmoja alikua anasimulia mtoto wa jirani yake kanywa mafuta ya taa, yaliwekwa kwenye chupa ya maji, basi wakamnywesha maziwa "yaue sumu". Nimeshuka nalo hilo yaue mpaka nyumbani.

Maana hata neno kiuasumu, yaani dawa anayopewa aliyekula au kunywa sumu, tumelijenga hivyohivyo, kama kiuadudu na kiuagugu. Wanaolitetea wana pointi, tena kubwa: hata ambaye hajawahi kulisikia analielewa papo hapo, wakati ukimwambia antidoti (Kigiriki hicho, kitu kinachotolewa kupinga kingine) atakuuliza ndo nini. Na ukisema "dawa ya sumu" unajichanganya, si tunawasikia wauzaji Kariakoo na vipaza sauti, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na hakuna panya aliyewahi kupona kwa dawa hiyo.

Ila jamani sumu haina roho, inauliwaje? Mtu aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu shambani, zile aina zinazomfanya atoe mate na jasho hovyo, anachomwa atropini, na atropini haiigusi ile sumu, inaziba tu milango ambayo sumu inapitisha fujo zake mwilini. Mkaa maalumu wa hospitali nao unanasa baadhi ya sumu tumboni, basi. Kila sumu na chake.

Neno likisema "kinaua sumu", sumu yoyote ile, ndo tunarudi kulekule kwa wazee wa Ugiriki na Roma. Wao walikua na theriaki, jina limetoka kwa therion, yaani mnyama mkali, kwa sababu ilianza kama dawa ya kuumwa na nyoka na wenzake. Andromachus, daktari wa mfalme Nero, akaichanganya na nyama ya nyoka na afyuni (kasumba, ile inayolevya) na makorokoro mengine kibao, ikawa dawa ya kila kitu. Waarabu wakaita tiryaq. Kwa Waturuki tiryaki akawa mraibu (afyuni hiyo!), na Uingereza neno likaishia kuwa treacle, rojo la sukari, wanapaka kwenye mkate. Mwaka 1745 daktari William Heberden ndo akaandika kuiponda theriaki hadharani, watu wameshakunywa miaka elfu moja na mia sita na ushee.

Mi kiuasumu sitaliacha, limeshakaa mdomoni na antidoti siipendi. Ila mtu akilitaja nitamuuliza cha sumu gani.

Yule mama nilimwambia mtu akinywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakiingia kwenye mapafu ndo balaa, na maziwa yanaweza kumtapisha, akimbizwe hospitali na chupa yenyewe. Akaniuliza, sasa baba, kiuasumu chake ni kipi? Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama nimemtukana.