Kwangu Inafanya Kazi, Kaka

Jamani, hii "kwangu inafanya kazi" ipigwe marufuku hapa Mbeya, kuanzia Mafiati mpaka Uyole. Baridi ya Julai tunavumilia, umeme tumeshauzoea, bando ndiyo usiseme. Ila mtu avute kiti, aagize chai kwa jina langu, afungue laptopu juu ya chapati zangu halafu aniambie draiva yake, ile programu ndani ya kerneli (kiini cha Linux) inayoendesha kifaa, kwake inafanya kazi?

"Kwako wapi, mdogo wangu?"

"Kwenye laptopu, kaka. Intel."

"Na bodi inayokuletea data mbovu?"

"Prosesa ya ARM, siyo Intel."

Nashusha kikombe taratibu. Heshima ni kitu cha bure.

Naangalia kazi yenyewe. Kore moja, yaani kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa, inaandika data = 42, halafu bendera iitwayo tayari = 1. Kore ya pili inazunguka ikiingoja tayari. Ikiona 1, inasoma data. "Si mstari wa data uko juu, kaka?" Uko juu, ndiyo, kwenye faili lako! Kompaila, inayogeuza msimbo wako kuwa maagizo ya prosesa, ikiona vigezo viwili visivyohusiana inaruhusiwa kuvipangua. Ukinusurika hapo, ARM nayo inaruhusiwa kuionyesha tayari kwa kore ya pili kabla ya data. Konda wa Kabwe huyo: "Imejaa, twende!" Ukichungulia ndani, dereva na kuku wa mtu.

"Mbona Intel haifanyi hivyo?"

Kwa sababu x86, familia ya prosesa hizo za Intel, kwenye kumbukumbu ya kawaida, haigeuzi mpangilio wa maandiko mawili yanayofuatana. Inachoruhusu ni andiko kukawia kwenye bafa yake, foleni ya kungojea, huku usomaji wa anwani nyingine ukitangulia. Hapo ndipo smp_mb(), kizuizi kinachokataza usomaji na maandiko kupitana, inahitajika hata kwa Intel. Lakini smp_wmb(), kizuizi cha maandiko tu, kwenye x86 haizai hata agizo moja la prosesa, inaibana kompaila tu. Kwenye ARM64 inazaa agizo halisi, dmb ishst. Laptopu yako ilikuwa inakufichia aibu, mdogo wangu.

Basi, dawa: mwandishi atumie smp_store_release(&tayari, 1), ili ya nyuma yatangulie, msomaji atumie smp_load_acquire(&tayari), ili yanayofuata yasitangulie. Mdogo wangu anaandika ya kwanza, anafunga laptopu, anachukua chapati.

"Na msomaji?"

"Msomaji si anasoma tu, kaka?"

Anasoma tu! Prosesa ya msomaji inaweza kuichota data mapema, kabla haijathibitisha tayari, ikabaki na namba ya zamani mkononi. Pande MBILI! Vizuizi vinakwenda kwa jozi! Dada wa chai anageuka kuniangalia.

"Lakini nikiweka printk ya kuchapisha ujumbe, tatizo linaisha."

Mungu wangu. printk inachelewesha, mwendo wa kore unabadilika, kosa linajificha. Ukiifuta tu, hilo hapo, tena usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Na huyu ana nafuu. Yupo wa volatile, neno la lugha ya C: anaibana kompaila, prosesa inaendelea na mambo yake. Yupo anayemwaga smp_mb() kila mistari miwili. Checkpatch, skripti ya kukagua msimbo wa kerneli, inadai maelezo kwa kila kizuizi, yeye kaandika "muhimu". Wa kadi ya mtandao anaikabidhi desikripta, maelezo ya kazi yaliyo kwenye kumbukumbu, kwa kifaa kwa smp_wmb(), ambayo kwenye kerneli ya prosesa moja hubaki kizuizi cha kompaila tu, na kifaa kipo nje kinasoma. Hapo ni dma_wmb(), kizuizi kinachokihesabu na kifaa. Kisha anagonga kengele ya kifaa, rejista ya kukiambia kazi ipo, kwa writel_relaxed(), eti writel() ina uzito. Uzito wenyewe ndio kizuizi!

Sasa namuuliza huyu wangu, kwa nini asitumie spinloki, kufuli ambayo kore nyingine huzunguka ikiingoja? Kufunga na kufungua kwake kuna vizuizi ndani yake, na kama data inaguswa na intarapti pia, yaani kifaa kikiikatiza prosesa, ni spin_lock_irqsave(), tukalale.

"Nataka kasi, kaka."

Kasi ya nini? Draiva ni ya kipimajoto. Cha ghala la viazi. Kinasomwa mara moja kwa sekunde! Viazi vimekaa tu pale, haviendi popote, vinangoja mnunuzi aje na lumbesa lake, gunia limeshonewa kofia juu, kichwa kirefu kuliko mwili, na bei aliyonayo ni ya gunia moja. Ukimwambia mizani ipo, anacheka. Anakuuliza, "Mizani ya nini, mzee, hatuaminiani?"