Shilingi 25 kwa siku hazitoshi kuzeekea

Tukijadili wazee na kazi hapa Nairobi, mjadala huishia kwenye umri wa kustaafu: serikalini ni miaka 60, uliopandishwa kutoka 55 mwaka wa 2009. Lakini mama mboga wa Kawangware atastaafishwa na nani? Takwimu za nguvukazi za KNBS, shirika la taifa la takwimu, huhesabu watu wa miaka 15 hadi 64, kwa hiyo fundi wa miaka 66 anayegonga mabati Kamukunji hayumo, hata akivuja jasho kutwa.

Watu hao wamewekewa Haba Haba, mpango wa akiba ya uzeeni wa NSSF (hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii), kima cha chini shilingi 25 kwa siku. Tupige hesabu. Asiyekosa hata siku moja huweka Sh9,125 kwa mwaka, Sh273,750 kwa miaka 30. Zigawe kwa miaka 15 ya uzee: kama Sh1,520 kwa mwezi. Riba itaongeza kitu, ila bei ya unga nayo haitasimama kuingoja. Isitoshe, baada ya miaka mitano ya kuchangia unaruhusiwa kutoa nusu, na nusu hiyo huishia kwenye karo. Simlaumu mtu, bila ruhusa hiyo wengi wasingejiunga kabisa. Anayeweza aweke 100.

Linaloniudhi ni hili: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 6 ya mshahara kwa ajili ya NSSF na mwajiri humwongezea 6 nyingine. Mama mboga hujiwekea peke yake. Serikali ingemtilia shilingi 10 juu ya kila 25, angekuwa na sababu ya kutoigusa akiba.

Halafu kuna Inua Jamii, posho ya serikali ya Sh2,000 kwa mwezi, ambayo tangu 2018 imelenga kila mzee wa miaka 70 kwenda juu asiye na pensheni. Kiwango hakijasonga tangu hapo. Wala kutimiza 70 hakukuingizi kwenye orodha: usajili hufunguliwa kwa vipindi, na ukikupita unasubiri. Kuna wazee ambao mwaka wao wa kuzaliwa uliandikwa kwenye kitambulisho kwa kukisia, wakapunjwa miaka. Hilo lirekebishwe mapema, usajili ukifunguliwa muda hautoshi. Vidole vilivyosuguliwa na nyundo au jembe navyo huweza kukataliwa na mashine ya kusoma alama za vidole. Mwandikishe msaidizi wa kumpokelea mzee pesa siku ya usajili, msisubiri siku ya malipo.

Na kati ya 60 na 70? Hapo hakuna kitu. Mimi ningeanzia 65, na kiwango kipande kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei.