Usisubiri kuzima nodi ndipo uhifadhi mempuli

Watu wanaoendesha nodi ya Bitcoin Core (kompyuta inayotumia programu hiyo kujiunga na mtandao wa Bitcoin) huhangaikia blokchaini, daftari la bloku zote za miamala, na kuisahau mempuli, yaani foleni ya miamala ambayo nodi imeshaipokea lakini bado haijaingia kwenye bloku. Naona wamepindua mambo. Blokchaini ikiharibika, utaipakua upya. Foleni haipakuliki hivyo: majirani, yaani nodi nyingine, walishatangaza miamala ile ulipokuwa hewani, na hawatairudia kwa kuwa wewe ulizimika. Ule muamala wa ada ndogo uliokaa siku tano, huenda usiuone tena mpaka utokee ndani ya bloku.

Hasara yake inaonekana haraka. Bloku siku hizi husafiri kwa ufupisho, kila muamala ukitajwa kwa kitambulisho cha baiti 6, na nodi yako inajazia kutoka kwenye mempuli yake. Ikiwa tupu, lazima imwombe jirani miamala inayokosekana na kusubiri jibu. Mchimbaji, anayetengeneza bloku mpya, naye hupanga bloku akiwa na ada chache za kuchagua. Pesa zako mwenyewe haziko hatarini: pochi huweka miamala yake kwenye faili lake na huirudisha foleni nodi inapowaka.

Tangu toleo 0.14 la mwaka 2017, programu huandika mempuli kwenye faili la mempool.dat inapozimwa. Humo mna kila muamala mzima, saa ulipoingia, na marekebisho yoyote ya kipaumbele uliyofanya kwa amri ya `prioritisetransaction`. Huandikwa kwanza kama mempool.dat.new, kisha hubadilishwa jina, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la zamani linabaki salama. Kazi nzuri hiyo.

Kasoro ni kwamba haya yote hutokea nodi ikizimwa kwa utaratibu tu. Umeme ukikatika ghafla, au mtu akiiua programu kwa nguvu kwa `kill -9`, hakuna kinachoandikwa. Diskini linabaki faili la mara ya mwisho ulipozima vizuri. Kama ni mwezi uliopita, basi kila muamala ndani yake umepita saa 336, ambazo ni kikomo cha kawaida cha kukaa foleni. Fungua debug.log, faili la kumbukumbu za nodi, uone: hesabu yote imelundikana kwenye `expired` (iliyopitwa na muda), na nodi inaanza mikono mitupu. Cha kushangaza, fee_estimates.dat, faili la makadirio ya ada, huandikwa kila saa. Mempuli ilistahili vivyo hivyo, na ningependa iwe hivyo bila mtumiaji kuomba.

Kwa sasa jifanyie mwenyewe kwa kroni, kipanga-kazi cha Linux, ambacho hapa kitahifadhi mempuli kila saa:

`0 * * * * bitcoin-cli savemempool`

Amri hii hukataa ikiwa faili la awali halijamaliza kupakiwa. Usiilazimishe, inakukinga usifunike foleni kamili kwa nusu yake. Angalia kwa amri ya `getmempoolinfo`, sehemu ya `loaded` iwe `true`.

Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, inahitaji uangalizi zaidi. Ukisema `docker stop`, husubiri sekunde 10 kisha inaua programu. Nodi yenye diski ya polepole haiwezi kumaliza kuzima kwa muda huo. Weka `docker stop -t 600`, au kwenye faili la mipangilio la Docker Compose `stop_grace_period: 10m`. Faili la systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) linalokuja na Bitcoin Core lenyewe limeweka sekunde 600, nalo halikukosea.

Ukihamia seva nyingine, nakili mempool.dat nodi zote mbili zikiwa zimezimwa. Kila muamala utakaguliwa upya unapopakiwa, kwa hiyo iliyokwisha kuingia kwenye bloku itakataliwa. Usishtuke ukiona `failed` nyingi. Faili la mtu usiyemwamini usilipakie kwa amri ya `importmempool`. Na ukirudi toleo la nyuma ya 27.0, kwanza hifadhi ukiwa umewasha `-persistmempoolv1=1`, kwa sababu matoleo yale hayasomi muundo mpya.