Riwaya ya Kijana Isiandikwe kwa Macho ya Mzazi

Riwaya nyingi za Kiswahili kuhusu kijana mwenye matatizo nyumbani zimeandikwa kwa namna ambayo mzazi, mwalimu na mtunga mitihani hawatakwazika. Kijana yumo, lakini yumo kama onyo. Baba analewa, mama anavumilia, binti anapotoka, na sura ya mwisho inahesabu hasara. Msomaji wa miaka 15 anafunga kitabu akijua watu wazima wanataka aweje. Ataishije ndani ya nyumba kama ile mpaka amalize kidato cha nne? Hapo kitabu kimenyamaza.

Si kwamba tumekosa waandishi wenye ujasiri. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na mle ndani Zakaria, baba mlevi, anamchapa binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana huku pombe yake mwenyewe ikiwatesa wote nyumbani. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alimwachia kijana asimulie kwa kinywa chake safari ya kumtafuta baba asiyemjua. Kwa hiyo mada si ngeni kwetu. Tatizo ninaloliona katika vitabu vingi vya baadaye ni la ufundi: mwandishi hajaamua kijana anajua nini, na amekijua lini.

Mtoto wa nyumba yenye shida huwa anajua mambo mengi na haelezwi lolote. Anajua kwamba geti likifunguliwa kwa kusukumwa leo hakuna kula mezani. Anajua simu ya nani ikiita mama hutoka nje. Asichokijua ni sababu. Riwaya nzuri huishi katika nafasi hiyo, kati ya dalili anazozisoma vizuri mno na sababu anazozikisia vibaya. Mwandishi akimpa kijana maelezo yote mapema ("baba alianza kunywa alipopunguzwa kazini, akapoteza heshima yake"), msichana wa kidato cha pili anageuka afisa ustawi wa jamii, na hakuna tena cha kumfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Chukua tatizo ambalo lipo sana pwani na bara na bado halijaandikiwa vya kutosha: mama aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Tuseme binti ana miaka 15, yuko Tanga, anasoma shule ya kata, yaani sekondari ya serikali. Mama yuko Muscat kwa mkataba wa miaka miwili. Binti na wadogo zake wawili wanakaa kwa mama mdogo na mumewe. Kabla ya kuandika sentensi moja ya riwaya hii, chora jedwali la safu nne: tarehe, tukio, nani anajua, binti anadhani nini. Safu ya nne ndiyo riwaya. Zile tatu ni za kukuzuia usijichanganye.

Mwezi wa tatu mwajiri anamnyang'anya mama pasipoti. Mama anajua, mama mdogo anajua nusu, binti hajui kitu. Anachokiona yeye ni kwamba sauti za WhatsApp zimekuwa fupi na mama anazungumza kwa kunong'ona, kwa hiyo anadhani mama amepata familia nyingine huko. Mwezi wa tano binti anaanza kukosa shule siku mbili kwa wiki ili abaki na mdogo wake wa miaka minne. Mama hajui, kwa sababu kila akiuliza anajibiwa "tunaendelea vizuri, mama, usiwe na wasiwasi". Sasa una watu wawili wanaopendana, kila mmoja akimdanganya mwenzake ili asiumie, na hakuna mhusika mbaya hata mmoja ambaye umelazimika kumtengeneza.

Halafu piga hesabu ya pesa, maana hapa ndipo waandishi wengi huishia kusema tu kwamba "maisha yalikuwa magumu". Mama akituma shilingi 250,000 kwa mwezi, na nyumba ina watu watano, hiyo ni kama 8,300 kwa siku kwa wote. Toa kodi, LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji ya ndoo, nauli, daftari. Pesa inaingia kwenye simu ya mama mdogo, na binti anaona ujumbe ukiingia ila haoni ikitoka. Kwa sura kumi anaamini mama mdogo anakula pesa zao. Siku atakapokaa na kalamu, labda kwa sababu ya swali la hesabu shuleni, atagundua kwamba hata bila wizi isingetosha. Msomaji aliyemchukia mama mdogo tangu mwanzo analazimika kumtazama upya, na mwandishi hajatoa hotuba. Tarakimu zimemaliza kazi. (Ukitaka mama mdogo awe kweli amechota kidogo, mchotee. Nyumba nyingi ndivyo zilivyo.)

Lugha ya nyumbani nayo ina vipimo vyake. Katika mswada wa aina hii natazama kwanza nani anamwita nani nini, na wito huo unabadilika lini. Binti aliyekuwa akisema "shikamoo, baba mdogo" kila asubuhi akianza kupita kimya, hilo ni tukio, halihitaji aya ya kulieleza. Shangazi akiitwa kwenye kikao upande wa baba umechukua uzito. Mjomba akija, upande wa mama umeamka. Hawa hawasemi maneno yale yale wala hawakai sehemu moja sebuleni. Mwandishi anayeandika "ndugu wakakutana kujadili" ametupa sura nzima.

Sheria na taasisi: hapa makosa ni mengi, na vijana huyagundua upesi kuliko wahariri. Mfano ni ada. Tanzania iliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Riwaya inayotokea mwaka 2020, ambamo mtoto wa shule ya kata anafukuzwa kwa kukosa ada, imeanguka ukurasa wa kwanza. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada, na ni sahihi kwa wakati ule. Leo sema sare, viatu, michango ya chakula, nauli ya daladala. Kenya ni hadithi nyingine: shule za upili za bweni bado hutoza karo, na mwanafunzi hurudishwa nyumbani kuifuata. Ukihamisha mhusika kutoka Mombasa kwenda Tanga, hamisha na tatizo lake. Hata kileo kina tarehe: viroba, pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania tangu Machi 1, 2017, kwa hiyo baba wa mwaka 2019 anayenunua kiroba dukani kama pipi atoke au atafutiwe chupa.

Wazazi wakiachana, waandishi hukimbilia mahakamani na jaji mwenye joho. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baadaye linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, chumba kidogo chenye mabenchi, majirani wakichungulia dirishani. Sheria hiyo inachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama. Aliye mkubwa wa kutoa maoni yake, matakwa yake huzingatiwa. Hebu fikiria ndugu wawili, mmoja ana miaka 14 na mwingine sita. Mdogo kuna uwezekano mkubwa akabaki kwa mama. Mkubwa ataulizwa. Akimchagua mama, baba aliye peke yake atajua. Akimchagua baba, anamwacha mdogo wake. Mgogoro umeletwa na sheria yenyewe, hukulazimika kuubuni.

Ndoa za utotoni ndiyo mada inayoharibiwa kuliko zote, kwa sababu kila mtu anaijua kwa kaulimbiu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 2019 ilithibitisha uamuzi wa Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 ni kinyume cha Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Sasa angalia ujanja ulipohamia: wapo wazazi wanaomwambia binti afeli makusudi mtihani wa darasa la saba, ili asiwe mwanafunzi tena. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya riwaya. Msichana mwenye akili, karatasi mbele yake, majibu anayajua, na baba yuko nyumbani anasubiri. Ukiianza na harusi, umechelewa.

Bweni nalo lina mtego wake. Shule ya bweni humtoa mhusika nyumbani, na mwandishi aliyechoka na ugomvi wa wazazi hupumua. Ghafla riwaya inahusu mabwenini, viranja na mapenzi ya kidato cha tatu, na nyumbani kunakumbukwa tena kwa barua moja ya msiba. Ukimpeleka bweni, igeuze kuwa chombo: simu hairuhusiwi, habari inafika imechelewa na imechujwa, siku ya kutembelewa anakuja mtu asiyetarajiwa, likizo ya Juni anakuta kitanda chake kimehamishiwa ukumbini. Kwa mhusika anayetunza mgonjwa, tuseme mama mwenye maradhi ya akili ambaye ukoo unasema karogwa, usimpeleke bweni. Abaki shule ya kutwa.

Ukatili wa kingono ndani ya familia uandikwe, lakini kwa kanuni ngumu. Tendo lisionyeshwe. Simulizi isimame mlangoni na iendelee asubuhi yake. Uzito uwe kwenye nani aliambiwa kwanza na alifanya nini, kwa kuwa mara nyingi mtu wa kwanza haamini, na wa pili anataka "tumalizane kifamilia". Mambo ya msingi yasikosewe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo sura tatu za mhusika kusitasita wiki nzima zina gharama ambayo mwandishi anapaswa kuijua. Tanzania kuna PF3, fomu ya polisi anayopewa aliyeumizwa aende nayo hospitali, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Namba 116, ya simu ya huduma kwa mtoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya. Iwekwe ukurasa wa mwisho, nje ya hadithi. Mhusika anayeitaja kwa sauti katikati ya mazungumzo anasikika kama tangazo la redio.

Miisho ndiyo inayonichosha zaidi. Kuna mfadhili: mzungu, padri, au mjomba aliyeibuka na gari, akamlipia kila kitu. Kuna kifo, hasa cha msichana, ambacho mwandishi hukitumia kama kifutio. Na kuna sadfa, ndugu waliopotezana wakakutana hotelini. Assumpta Matei aliitumia sadfa katika Chozi la Heri na wengi wakaisamehe, kwa kuwa kabla ya hapo Umu, binti mmoja wa ndugu hao, alikuwa amepoteza karibu kila alichokuwa nacho. Anayeanza kuandika asijipe msamaha huo. Mwisho unaoaminika ni mdogo: kijana anapata kitu kimoja anachokishika mwenyewe. Laini ya simu yenye jina lake. Godoro kwa bibi. Kurudi darasani baada ya kujifungua, jambo ambalo Tanzania imeliruhusu tangu Novemba 2021 na ambalo riwaya chache zimelifuatilia mpaka kwenye dawati lenyewe, wenzake wakigeuza shingo na maziwa yakilowesha shati la sare. Baba aendelee kunywa. Kijana wa miaka 16 hamponyi mlevi, na kitabu kinachodai anaweza kinamwachia msomaji mzigo usio wake.

Urefu: maneno 30,000 hadi 40,000 yanatosha. Ukurasa wa A5 hubeba kama maneno 300, kwa hiyo 38,000 ni karibu kurasa 128, na hizo ni karatasi nane zilizokunjwa kurasa 16 kila moja. Mchapaji atafurahi na bei itashuka. Sura za maneno 1,500 hadi 2,000 zinasomeka kwa safari moja ya daladala.

Mswada ukikamilika, usianze na mwalimu. Toa nakala sita, uwape vijana sita wa miaka 14 hadi 16, wavulana wasipungue wawili, bila mtu mzima chumbani. Usiwaulize wamejifunza nini. Watakujibu kama wako kwenye mtihani wa fasihi. Waambie wachore mstari pale walipotaka kuacha kusoma, na alama ya kuuliza pale mhusika aliposema neno ambalo wao wasingelisema. Mistari minne kati ya sita ikiangukia ukurasa mmoja, fungua ukurasa huo. Mara nyingi utakuta mtu mzima anazungumza, na amezungumza zaidi ya nusu ukurasa. Kata. Kisha angalia mhusika wako alikuwa anatazama wapi wakati mtu huyo akizungumza, uandike hicho.