Fremu ya kipande kimoja ama ya vipedi vya pua? Wacha tuiongelee vizuri

Juzi nilibishana na rafiki yangu mwenye duka dogo la miwani hapa Kisumu, mtu namheshimu sana, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya kitu kidogo kama punje ya mahindi: vile vimpira viwili vinavyokalia pua, vipedi vya pua. Yeye anasema ameacha kuleta fremu za vipedi. Analeta plastiki za kipande kimoja tu, zile daraja lake limetoka kiwandani likiwa limeshikana na fremu, kwa sababu hazina skrubu ya kupotea, hazirudi dukani kila wiki, na vijana ndizo wanazitaka. Za vipedi, anasema, ni za walimu waliostaafu, na kazi yake imekuwa kurudishiwa kipedi cha shilingi 50 wakati kuna mteja wa maana amesimama nyuma.

Namuelewa, na nitafika kwa upande wake maana ana hoja za kweli. Lakini nimevaa miwani tangu kidato cha pili na nimesikia mara nyingi sana muuzaji akimwambia mtu "pua yako ndio imelala madam, ndio maana inateremka", na huyo mtu analipa, anaondoka, anaamini shida ni uso aliozaliwa nao. Hilo jambo linaniuma.

Chukua fremu yoyote uangalie ndani ya mkono wake. Utapata namba kama 52-18-140. Hiyo 52 ni upana wa lenzi kwa milimita, 18 ni nafasi iliyo katikati ya lenzi mbili, yaani daraja, na 140 ni urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Sasa angalia kitu kimekosekana hapo. Hiyo 18 inakwambia nafasi ya pua ina upana gani, lakini haikwambii mwamba wa pua unaotakiwa uwe juu ama chini, wala mbavu za pua ziwe na mlalo gani. Fremu ya kipande kimoja imeshayajibu hayo maswali mawili huko kiwandani kabla hujaingia dukani, na kwa miaka mingi imeyajibu ikifikiria pua nyembamba ambayo mwamba wake unaanza juu karibu na nyusi. Wengi wetu huku, sio wote, tuko na pua pana na mwamba wa chini. Kwa hivyo fremu ikikosa pa kukalia pale juu inashuka mpaka ipate mahali pengine, na hapo pengine ni mashavu. Ukicheka inapanda, ukiinama inakuja mbele, na Kisumu mwezi wa pili jua likiwa limewaka vizuri jasho linaimalizia kabisa.

Nchi za Asia ya mashariki ziliona hili mapema na zinatengeneza fremu za daraja la chini kwa watu wao. Kule Berlin kuna kampuni inaitwa Reframd, mmoja wa walioianzisha ni Ackeem Ngwenya mzaliwa wa Malawi, wao wanaanza na vipimo vya uso wa mtu mwenyewe na wanalenga hasa nyuso za watu weusi. Kazi nzuri sana lakini bei yake sio ya soko letu la Kibuye. Sisi tunavaa kile kimeletwa na katoni.

Fundi akiletewa fremu ya kipande kimoja inayoteremka anafanya nini? Anapasha moto mikono anaikunja zaidi nyuma ya masikio. Yaani shida iko puani, dawa inapakwa masikioni. Inashika, ndio, lakini jioni masikio yanauma na kichwa kinauma, halafu baada ya wiki imelegea tena. Na sio starehe tu inayopotea. Lenzi imepimwa ikae mahali fulani mbele ya jicho, kama milimita 12 mpaka 14 hivi, na katikati yake ilingane na mboni. Miwani ya namba kubwa ikisogea mbele milimita 5 nguvu yake kwa jicho inabadilika, na ile ya sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusoma, ikiteremka kidogo tu sehemu ya kusoma inaenda chini na mtu anaanza kuinua kidevu kama anatafuta ndege. Tunasema pesa zimelipwa kwa lenzi, lakini lenzi iko mahali haikupimiwa.

Vipedi vinafanya nini? Viko kwenye vijiti viwili vya waya mwembamba. Fundi anashika koleo ndogo, anavipanua kama pua ni pana, anavileta nyuma kidogo ili fremu ikae mbali na mashavu, anavilaza vifuate mlalo wa pua. Dakika mbili. Fremu ileile moja inakaa kwa pua yangu na kwa pua ya dadangu ambaye hatufanani hata kidogo.

Sasa kuna takwimu moja hainitoki kichwani na ndio sababu kubwa ya mimi kuandika. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti wa wachuma chai wa Assam, India. Walikuwa wachumaji 751, wote miaka 40 kwenda juu, wale macho ya karibu yameanza kukataa. Kundi moja likapewa miwani ya karibu mapema, lingine likangoja hadi utafiti uishe. Waliopewa walichuma zaidi, tofauti ikiwa asilimia 21.7, na kwa wale wa miaka 50 na zaidi ilikaribia asilimia 32. Miwani ya kawaida tu jamani. Sio mbolea mpya, sio mashine.

Mimi hiyo 21.7 nimeipigia hesabu mara nyingi kwa sababu mama yangu anachuma chai upande wa Nandi Hills na analipwa kwa kilo. Tuseme mtu anachuma kilo 30 kwa siku. Asilimia 21.7 ni kilo 6 na nusu. Kwa siku 6 za wiki ni kama kilo 39, yaani siku nzima ya ziada na kitu juu, bila kuongeza hata saa moja shambani. Najua Assam sio Nandi, vichaka ni tofauti na malipo ni tofauti, siwezi kuapa kwamba namba itakuwa ileile. Lakini kazi ni ileile: unaangalia chini, unatafuta majani mawili na kichipukizi, jani gumu likiingia kwenye kikapu wanakukata kwenye mizani.

Na hapa ndio watu wanaruka jambo. Ile asilimia haitoki kwa kupewa miwani, inatoka kwa kuivaa. Hao watafiti wenyewe walifuatilia nani anavaa, na kufikia mwisho wavaaji walikuwa kama asilimia 85 ya waliopewa. Sasa mweke mchuma chai akilini. Kichwa kimeinama saa nzima. Mikono yote miwili iko kazini na imenata utomvu wa majani. Nandi mchana manyunyu yanakuja, na chini ya karatasi la mvua kuna jasho. Kamba ya kikapu iko kichwani ama mabegani. Miwani ikianza kuteremka atairudisha na mkono gani? Kila kuirudisha ni kusimamisha mikono miwili, na anayelipwa kwa kilo hawezi kusimamisha mikono kila dakika. Atafanya kile mama alifanya.

Mama alipewa miwani kwenye kambi ya macho, bure, na nawashukuru kwa moyo wote waliompa maana namba ya lenzi ilikuwa sawa kabisa. Plastiki nyeusi, kipande kimoja. Nilipoenda nyumbani nikamuuliza mbona hauvai, akaniambia, "Mwanangu, hii inanitoroka." Ilikuwa mfukoni mwa aproni miezi minne, lenzi ya kushoto imekwaruzwa na funguo. Kwenye daftari la mtu fulani mama amehesabiwa kama mtu aliyesaidiwa.

Upande wa rafiki yangu sasa, na nausema kwa uaminifu. Skrubu ya kipedi ni ndogo kama mbegu ya mchicha, ikianguka kwa sakafu ya simenti umeaga. Kipedi kikizeeka kinakuwa cha manjano halafu kinaanza kijani pale katikati, hiyo ni shaba iliyo kwenye chuma imekutana na jasho, na watu wengi hawajui kwamba kinatakiwa kubadilishwa kama vile unabadilisha mswaki. Fremu nyingi za chuma za bei ya chini zina nikeli na kuna ngozi zinaikataa, inatoka vipele na kuwasha, mpaka Ulaya waliiwekea sheria mwaka 1994. Uzito wote ukikalia vipedi viwili vidogo unaacha alama mbili puani, na kwa lenzi nzito zile alama zinauma, wakati daraja la plastiki likikukaa sawa linasambaza uzito vizuri zaidi. Na watoto: mtoto wa darasa la pili anayecheza mpira ukimpa vijiti vya waya karibu na jicho mimi pia nitakwambia hapana, mpe plastiki laini. Mwenye mwamba wa juu pia hana haja ya kusumbuka, kipande kimoja kitamtosha miaka.

Lakini soma hayo malalamiko tena polepole. Karibu yote yanahusu vile kipedi kimefungwa, na chuma gani kimetumika. Wazo lenyewe la daraja linaloweza kurekebishwa halijaguswa. Kuna vipedi vya skrubu, kuna vya kubonyeza vikalia, kuna vya kuteleza kwa mfereji, halafu kuna kampuni zimejitengenezea ya kwao ambayo hakuna mwingine anayo. Tyubu ya baiskeli unaipata kila soko kutoka Kibuye mpaka Luanda ya Vihiga kwa sababu saizi zinajulikana. Kipedi kingekuwa hivyo, aina moja ya kubonyeza, ya silikoni, unatoa na unaweka kwa kucha bila bisibisi, rafiki yangu hangekuwa na foleni ya watu wa shilingi 50. Angewauzia pea sita kwa karatasi moja waende nazo nyumbani.

Na haiwezi kuwa ngumu. Kuna mwalimu Mjerumani anaitwa Martin Aufmuth, miwani yake inakunjwa kwa mashine ya mkono kutoka waya wa springi, vifaa vyake vinagharimu kama dola 1, na lenzi zinabonyezwa ndani ya fremu kwa vidole tu. Kama lenzi nzima inaweza kuingia kwa vidole, kipedi kinashindwaje? Hata hao vijana wanaotaka plastiki nene nyeusi hawajafungiwa, kwa sababu kuna fremu za plastiki zenye vijiti vya vipedi vimepandwa ndani yake, kwa mbele huoni tofauti. Zile silikoni za kubandika na gundi ambazo huwa tunaambiwa tununue badala yake, kwa jasho la huku zinabanduka haraka, nimezijaribu na nimechoka nazo.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Mtoto, ndio, kipande kimoja. Mtu ambaye ameijaribu dukani, akainama, akatikisa kichwa na haikusogea, kipande kimoja pia. Lakini miwani inayopewa watu wazima kwa wingi, ambao hakuna aliyewapima pua, na wanaofanya kazi wakiwa wameinama, washonaji, wachuma chai, wanaochambua samaki pale ufuoni Dunga, hiyo iwe ya vipedi, na iwe ya kubonyeza.

Nilimpeleka mama kwa fundi mmoja mzee karibu na stendi, tukamhamishia kwa fremu nyepesi ya vipedi. Huyo mzee hakumuuliza maswali mengi. Alivisogeza vipedi na koleo, akaangalia kwa pembeni, akasogeza tena, halafu akasema, "Mama, inama kama uko shambani." Mama akainama hapo hapo kwenye korido, mikono ikaanza kwenda yenyewe, chuma, chuma, tupa nyuma. Mzee akamwambia atikise kichwa. Haikusogea. Mama akainuka akaishika miwani pande zote mbili kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Wiki tano baadaye akanipigia simu. "Kale kampira ka kulia kameenda." Kimeangukia kwenye vichaka vya chai. Na duka alilopata karibu lilikuwa na vya skrubu peke yake, vyake ni vya kubonyeza. Nilipomweleza rafiki yangu alisema tu, "Unaona sasa, dadangu?" Ndio, naona. Lakini nilimuuliza mama amefanya nini hizo siku zote, nikidhani imerudi mfukoni, akasema amezungushia plasta ya kidonda kwenye kale kawaya na anaendelea kuchuma nayo. Nilimtumia pea tatu kwa matatu ya Kapsabet ndani ya bahasha, akabonyeza ya kwanza mwenyewe jioni ile na kucha ya kidole gumba.