Aldarion, mfalme asiyejua msimu

Ukimuuliza kijana anayependa hadithi za falme za kubuni akutajie mfalme mmoja wa Númenor, huenda akakutajia Ar-Pharazôn, yule wa mwisho, aliyepeleka jeshi kuwapiga vita wasiokufa hadi kisiwa kizima kikazama. Si chaguo baya, ila ni chaguo la haraka. Aliyeangamia yeye na nchi yake hana cha kutetewa wala kushtakiwa, hukumu yake imeshapita. Kwangu mimi mfalme wa kubishania ni wa sita, Tar-Aldarion, na nadhani sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tuna haki ya kumsemea kuliko wengi, kwa sababu kesi yake ni ya baharia aliyemwacha mke nyumbani. Kesi hizo tunazijua.

Kwa asiyemfahamu: Aldarion ametoka kwenye kalamu ya J.R.R. Tolkien. Kisa chake kilichapishwa mwaka 1980, miaka saba baada ya mwandishi kufariki, mwanawe Christopher akiwa ndiye mhariri. Hakikukamilika, mwisho wake ni vipande vilivyounganishwa kwa maelezo. Númenor ni kisiwa kikubwa kilicho peke yake baharini, na uzao wa mfalme wake wa kwanza, Elros, ulijaaliwa umri mrefu, wengi wakifika miaka 400 hivi. Miaka nitakayoitaja ni ya hesabu yao, Enzi ya Pili.

Tolkien ameacha orodha ya wafalme hao mmoja mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, miaka ya kutawala, jambo moja au mawili aliyoyafanya, kisha aliyemfuata. Aliyesoma Habari za Pate, tarikhi ya wafalme wa kisiwa cha Pate, atajiona yuko kwao. Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, nao wamepangwa hivyo hivyo, fulani akatawala miaka kadhaa, akapigana na mji fulani, akafa, akashika mwanawe. Orodha za namna hii zina ila yake, ya kwao na ya kwetu. Mke huonekana mlangoni tu, akileta ufalme au akizaa mrithi. Mnabahani wa kwanza mwenyewe, kwa mujibu wa habari zile, aliupata utawala wa Pate kwa kumwoa binti wa mfalme aliyemkuta, na jina la binti huyo si wengi wanaolikumbuka. Kisa cha Aldarion ndipo mahali pekee ambapo orodha ya Númenor inafungua mlango na kutuingiza ndani ya nyumba ya mfalme, tukae, tusikie wanavyosemezana.

Alizaliwa mwaka 700. Baba yake, Tar-Meneldur, alikuwa mtu wa nyota, alijenga mnara kaskazini mwa kisiwa apate kuzitazama. Babu yake mzaa mama, Vëantur, ndiye nahodha wa kwanza wa Númenor kuvuka hadi Dunia ya Kati, bara la ng'ambo, mwaka 600. Kijana akamfuata babu. Akiwa na miaka 25 alisafiri naye, na tangu hapo nchi kavu ikawa kwake mahali pa kujaza maji na kupakia. Mwaka 750 akaanzisha chama cha mabaharia ambacho makao yake hayakuwa jengo bali chombo kilichotia nanga. Ng'ambo akajenga bandari, Vinyalondë, kwenye mlango wa mto Gwathló.

Kisha akampenda Erendis, mwanamke wa magharibi ya kisiwa, aliyependa miti kama mtu anavyowapenda jamaa zake. Hapo kisa kinaponoga, maana Aldarion naye aliipenda miti, lakini kwa jicho la fundi. Akitazama mti huona mkuku na mlingoti. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza jicho hilo. Kwa vizazi na vizazi majahazi yameondoka Amu yakiwa yamesheheni mikoko, pau, boriti na mazio, ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, yakipeleka Arabuni na Ghuba ambako mti wa kuezekea nyumba ulikuwa adimu. Wapo waliojenga majumba kwa mikoko hiyo na wapo waliokaa wakiitazama mikandaa ikiwa wazi. Kumtendea haki Aldarion, aliamuru miti ipandwe kisiwani kwake. Ng'ambo hakupanda, alikata tu. Wenyeji wa kule wakageuka maadui, na bandari yake ikavunjwa zaidi ya mara moja. Sehemu hii wasomaji wengi huipita mbio kwenda kwenye ugomvi wa mume na mke, na mimi naona ni ugomvi uleule.

Walikuwa na desturi nzuri mabaharia wale. Chombo haking'oi nanga hadi mwanamke wa jamaa ya nahodha aweke kwenye hanamu, yaani omo ya chombo, tawi bichi la mti usiopukutika majani, Tawi la Kurudi. Kwa Aldarion aliyekuwa akiliweka ni mama yake, malkia Almarian. Safari moja mfalme alipokasirika, na malkia asilete tawi, aliyelileta ni Erendis. Hapo ndipo Aldarion alipomwona kweli. Wajenzi wetu nao hawakuacha hanamu tupu. Mtepe wa Wabajuni ulichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, ukavishwa mapambo, na majahazi mpaka leo huwekewa macho. Chombo hakitumwi baharini kipofu. Lakini tawi lile lina jambo ambalo macho hayana. Linamtaka mtu aliyebaki aridhie. Mwenye kubaki ana sehemu yake katika safari.

Walioana mwaka 870, baada ya uchumba uliochosha kila mtu. Mwaka 873 akazaliwa binti, Ancalimë. Mwaka 877, mtoto ana miaka minne, Aldarion akaaga: miaka miwili tu. Akarudi 882.

Watetezi wa Erendis husema kosa lake mume ni kuipenda bahari kuliko mke. Sikubaliani nao. Kupenda bahari si kosa, na mwanamke aliyeolewa na nahodha hawezi kusema hakuambiwa. Kosa lake ni miadi. Kisa hiki nilikisimulia barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Huyo mfalme wako, mwanangu, alikuwa akirudi kwa pepo gani?"

Ndilo swali. Bahari yetu ina kalenda. Kaskazi huvuma kuelekea mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, kusi hushika baada ya hapo, na kusi ikikaza katikati ya mwaka bahari hufungwa. Chombo cha Amu kilichokwenda Unguja kwa kaskazi hurudi kwa kusi, na kilichopeleka boriti Arabuni kwa kusi hurudi kwa kaskazi. Nahodha awe mjeuri vipi, pepo ndizo zilizomwandikia tarehe. Mke aliyebaki hakuhitaji kuahidiwa kitu. Alisikiliza upepo unavyogeuka, akajua sasa wanajaza maji, sasa wako njiani. Akikosa msimu, mtaa mzima ulijua kakosa msimu, na hesabu ilianza upya kutoka hapo. Ilikuwa ni shida, sisemi ilikuwa raha, na wapo wasiorudi kabisa. Ila ilikuwa shida yenye hesabu.

Aldarion hakuwa na kitu cha kumrudisha. Alikuwa mrithi wa kiti, mwenye vyombo vyake na chama chake. Baba yake alikasirika, akamkataza, akanyamaza, lakini kila mara mwana alipata njia. Kwa maisha yake marefu miaka mitano kwake si kitu. Erendis hakuwa wa ukoo ule, umri wake ulikuwa mfupi kuliko wake, na ujana wake ulikuwa ukipita wakati mume akijenga gati. Mwenye mali nyingi kukopa kwa maskini na kuchelewa kulipa, ndivyo nionavyo ile safari.

Aliporudi alimfuata Erendis huko Emerië, katikati ya kisiwa, mbali na sauti ya mawimbi. Mke alikuwa amehamia huko na kondoo wake na nyumba ya wanawake peke yao. Alimpokea kwa adabu zote, akampa chakula na chumba, kama mgeni. Aldarion aliondoka alfajiri kwa hasira. Katika safari iliyofuata ugomvi ule hakukuwa na tawi kwenye hanamu. Paliwekwa sanamu ya tai, mdomo wa dhahabu na macho ya vito, zawadi ya mjenzi wa merikebu wa ng'ambo. Wasomaji wengine humlaumu mke kwa ubaridi wake. Sisi wa Amu, mji ambao nyumba za mawe kwa desturi hupewa mabinti, na mume ndiye anayehamia kwa mke, hatushangai sana. Mwenye nyumba ndiye anayeamua nani mgeni.

Ninachomlaumia Erendis ni mtoto. Alimlea Ancalimë asisikie sauti ya mwanamume, akamfundisha kwamba wanaume ni watoto wakubwa wanaocheza na dunia na kuivunja, na kwamba asimwinamie hata mmoja. Siwezi kulisoma somo hilo bila kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Mama huyu wa kwetu anafundisha kinyume chake: tafuta radhi za Mngu, za Mtume, za baba na mama, na za mume. Siku hizi kuna wanaomsoma kwa kukunja uso, na sababu wanazo. Lakini mawaidha ya Mwana Kupona yana watu ndani yake, kuna majirani, watumwa, wakubwa na wadogo, kuna namna ya kuishi nao wote. Somo la Erendis lina adui mmoja tu, naye ni baba wa mtoto.

Aldarion naye akafanya jambo ambalo hakuna mfalme kabla yake aliyelifanya. Sheria ya Númenor ilimpa kiti mwana wa kiume peke yake. Babu yake Aldarion, Tar-Elendil, alikuwa na binti wa kwanza, Silmariën, na akapitwa. Aldarion hakuwa na mwana mwingine, akaibadili sheria ili Ancalimë atawale. Pate ilikuwa na Mwana Khadija kitini katika karne ya 18 na dunia haikusimama, kwa hiyo msomaji wa huku haoni ajabu. Mimi nauliza nia. Nadhani alikuwa akimlipa mtoto miaka aliyoikosa, na alilipa kwa sarafu aliyokuwa nayo, yaani ufalme. Erendis hakumwona bintiye akikaa kitini. Mwaka 985 alifia majini, alikwenda bandarini Rómenna kumtafuta mumewe aliyekuwa akirudi. Kisa hakielezi zaidi.

Basi wapo wanaomtetea Aldarion kwa hoja ya Sauron, adui mkuu katika hadithi hizi. Wanasema yeye peke yake aliona kivuli kinachoinuka mashariki, akafunga urafiki na Gil-galad, mfalme wa watu wasiokufa walioishi Lindon, huko ng'ambo, na ilikuwa lazima awe kule. Ni kweli aliona. Meneldur mwenyewe alipoisoma barua ya Gil-galad alijua kazi hiyo si ya mtu wa nyota, akamwachia mwanawe kiti mwaka 883. Lakini kuona adui hakumzuii mtu kusema miaka mitano badala ya miwili. Na urafiki ule aliojenga kwa karibu miaka 200 ya utawala ulidumu kadiri alivyodumu yeye kitini. Mwaka 1075 akakaa Tar-Ancalimë, akazitupa kando sera za baba yake, na Gil-galad hakupata msaada wowote tena kutoka Númenor enzi zake zote.