Bethidei ya Viatu, Kiingilio Changu

Ndugu zangu, kwangu binadamu hafanyiwi bethidei. Mwaka ukitimia unaambiwa hongera, unakunywa chai yako ya rangi, unakwenda kuhangaika. Sasa kuna duka la viatu hapa Mwanjelwa, Mbeya, limetimiza miaka kumi, likaona siku moja haitoshi. Ijumaa punguzo la bei, Jumamosi maonesho ya mitindo, Jumapili bonanza la familia. Siku tatu! Siku hizi hata matanga hayafiki siku tatu, watu wanazika na kuulizia gari la kurudi.

Kiingilio cha Jumamosi elfu kumi, viti maalumu elfu thelathini. Nikamwambia mama watoto kwamba viti maalumu ninavyovijua mimi ni vya bungeni, na kule anayekaa ndiye anayelipwa. Hakucheka. Alikuwa ameshaazima mchuchumio kwa jirani, anafanya mazoezi kutoka jikoni mpaka sebuleni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko, na maharage yanaungua.

Mchochezi mkuu ni binti yetu anayesoma chuo. Huyu akishapata bando, nyumba haina amani. "Baba, viatu vina historia! Bata ilianzishwa 1894, mji wa Zlín, huko ambako sasa ni Jamhuri ya Czech. Ni Tomáš Baťa na ndugu zake wawili, Antonín na Anna. Mwaka uliofuata wakazama kwenye madeni, hela ya ngozi hakuna, Tomáš akaamua kushona viatu vya turubai. Ndivyo vilivyomtoa!"

Sawa. Mtu kaishiwa ngozi, kashona turubai, kaitwa mbunifu. Mimi mwaka juzi niliishiwa hela ya soli nikapigilia kipande cha tairi, nikaitwa bahili mpaka kwenye kikao cha ukoo.

Akaendelea. Kumbe baada ya Tomáš kufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1932, kampuni ilikamatwa na Jan Antonín, ndugu yake kwa baba. Huyo kwenye jengo lao la ghorofa lililokamilika 1938 akawekewa ofisi ndani ya lifti. Sikuamini, nikaoneshwa picha. Chumba kizima, mita sita kwa sita, meza, simu, mpaka sinki la kunawia mikono, kinapanda na kushuka. Yaani bosi anawafuata wafanyakazi ghorofani kwao akiwa amekaa kwenye kiti chake!

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa uchungu. Kuna ofisi moja mjini hapa nafuatilia karatasi yangu tangu mahindi yalipokuwa machanga. Ofisi yenyewe iko chini, haina hata ngazi, na sijawahi kumkuta mhusika. Koti lipo kitini, miwani ipo mezani, mwenyewe "ametoka kidogo". Huyo ukimpa ofisi ya lifti, mtamtafuta kwa helikopta.

Turudi kwenye punguzo la Ijumaa. Binti alikuwa amenipa moyo kwamba mwaka 1922, hali ya uchumi ilipokuwa mbaya kule Czechoslovakia, Tomáš alikata bei ya viatu vyake nusu kwa nusu. Nikaenda na matumaini hayo. Nikakuta kiatu cha kike, kidogo, kamba mbili na ua la plastiki, kimeandikwa 80,000, ikachorwa mstari mwekundu, chini yake 59,999. Kiatu hichohicho wiki iliyotangulia kilikuwa 55,000. Nakijua, maana mama watoto alinipitisha pale makusudi, kwa kisingizio cha kununua nyanya. Nikalipa elfu sitini, nikasimama. Yule kijana ananiuliza, "Mzee, kuna kingine?" Nikamwambia nasubiri shilingi yangu moja. Akaita wenzake waje kunitazama.

Jumamosi tukaenda, ukumbi uko Soweto. Mwezi wa nne, mvua haina adabu. Mbeya iko mita 1,700 na ushee juu ya bahari, baridi yake haijali kama kuna zulia jekundu. Watazamaji tumevaa masweta, makoti, wengine mablanketi ya kimasai. Mshereheshaji kaletwa kutoka Dar na shati la maua lisilo na mikono. Saa moja alikuwa anapiga kelele "Mbeya mpooo!", saa mbili anashika maiki kwa mikono miwili, saa tatu ameazima jaketi la bodaboda.

Wakatoka wanamitindo. Mabinti wazuri, warefu, wamenuna kama wenye nyumba waliokuja kudai kodi. Anafika mwisho wa zulia, anasimama, anakutazama kwa dharau, anageuka. Viatu vyenyewe vinaacha vidole vyote nje. Vidole vimekuwa vya bluu, makofi yanapigwa. Mimi nilikuwa na swali moja tu, ila waliniambia si mkutano wa hadhara: kwa nini mnavijaribu viatu kwenye zulia? Nani Mbeya ana zulia njiani? Watoe pale Mafiati, wapandishe Isanga mvua ikinyesha, wakwepe bajaji na dimbwi, kisha watuoneshe kilichobaki na kisigino. Hicho ndicho nitanunua, na shilingi moja nitawaachia.

Tuliotoka salama ni sisi wenye gambuti. Bajaji ilitushusha barabarani, dereva akaangalia kilima cha kwetu, akasema huko haendi hata kwa elfu kumi. Utelezi ule unaujua, udongo unashika mguu na kuukatalia. Mama watoto akavua viatu vyake vipya, akavipangusa kwa pindo la kitenge, akavifunga kwenye kitenge hicho, akanipa. "Baba watoto, vishike juu juu, visipate tope." Yeye pekupeku, mimi nyuma na tochi ya simu mdomoni, nimeinua kiatu cha 59,999 kichwani, jirani anatufungulia dirisha kuuliza kama tumetoka hospitali na mtoto.

Tumefika, hajanawa miguu, kaviweka juu ya kabati la vyombo, kaviangalia sana. Nikajua kuna neno linakuja.

"Ila kweli," akasema, "vinadai mkoba."